Bwana Vichupa na Visima Vitano

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Bwana Vichupa, alizaliwa tarehe 9 Juni 1968, mtoto wa tatu kati ya saba wa mama mkunga na baba fundi baiskeli. Alitanguliza miguu, na mama yake hakuchoka kusema, "Huyu alitaka kupima kina kwanza."

Alisoma shule ya msingi hapa hapa kijijini, sekondari akasoma bweni, na mwaka 1990 akamaliza stashahada ya ufundi wa maabara, jambo ambalo katika ukoo huu bado halijapata mrithi.

Tarehe 18 Desemba 1994 alimwoa mshona nguo wa jirani. Miezi miwili kabla ya ndoa alimchimbia kisima uani kwa mikono yake, ili asije akabeba ndoo kichwani.

Mwaka 1997 aliajiriwa na shirika la utafiti wa mazingira, lile la vyumba vitatu nyuma ya ghala la mbegu. Alipima maji ya visima. Yeye mwenyewe ndiye aliyeweka sharti kwamba chupa isifike mezani kwake na jina la mtu, ije na namba tu. Mchotaji hakuambiwa majibu, mpimaji hakuambiwa majina, na orodha mkurugenzi aliifungia kabatini hadi upimaji wote uishe. "Nikijua ni cha shemeji," alisema, "mkono utatetemeka."

Februari mwaka huu, chupa namba kumi na saba ilitoka na sumu ya dawa za mashambani, mara sita ya kiwango kinachoruhusiwa. Akamwambia karani, "Huyu wa kumi na saba hana haja ya chandarua. Akioga tu, mbu wote chali." Wakacheka. Akarudi nyumbani, akanywa maji.

Julai miguu ikaanza kuvimba. Ilikuwa figo. Daktari alisema hawezi kuapa kuwa ni maji, wala hawezi kuapa kuwa siyo. Tarehe 11 Oktoba kabati lilifunguliwa. Mkurugenzi aliisoma orodha, akamsogezea karatasi.

"Kumi na saba ni changu?"

"Ni chako, kaka. Pole."

Visima vibaya vilikuwa vitano. Mkurugenzi akaomba wasubiri ripoti ichapwe, mwezi wa tatu.

"Mke wangu amesubiri miezi minane bila kujua anasubiri nini," marehemu akamjibu. "Ripoti haisikii kiu, bwana mkubwa."

Kesho yake alifunika kisima chake kwa bati na mawe. Kisha binti yake mkubwa akampakia kwenye pikipiki, miguu imejaa kama magogo, wakaanza kupita kwa wenye visima. Nyumba tatu ziliwachukua siku tisa, kwa kuwa siku nyingine hakuweza kuinuka. Kwa muuza mkaa alipokewa kwa utani: "We Vichupa, umekuja kuniuzia maji?"

"Nimekuja kukuomba radhi. Nilijua tangu Februari kuwa kuna mtu anakunywa sumu. Sikuuliza ni nani."

Muuza mkaa alimpa kiti.

Alilazwa tarehe 22 Oktoba. Asubuhi ya tarehe 2 Novemba alimwomba binti yake viatu, amebakiza kisima kimoja. Akaambiwa, "Kesho, baba." Alifariki saa nne na dakika arobaini.

Ameacha mjane, ambaye majibu ya figo zake bado yanasubiriwa, watoto wanne, wajukuu wawili na dada zake wawili.

Kisima cha tano hakukifikia, na ripoti haijachapwa. Ni kile cha shule ya msingi, chenye pampu ya mkono, karibu na choo cha walimu. Watoto wasinywe tena, kuanzia leo. Mwalimu mkuu, tunakuona hapo mstari wa pili. Tafadhali ifunge pampu hiyo kabla hujaenda kwako.

Ujumbe wake umefika. Sasa apumzike kwa amani.