Dastani Ignasi, Aliyezima Boila la Mtua

Wazee wetu, viongozi wa dini, wafanyakazi wenzake na majirani wote mliofika hapa Lionja, familia imenituma mimi Jumanne, mdogo wa marehemu, niwaeleze kaka yetu aliishi vipi, na nitayaeleza yote, hata yale ambayo wengine wangependa tuyafukie naye leo.

Ndugu Dastani Ignasi alizaliwa hapahapa Lionja tarehe 14 Agosti 1969, mtoto wa pili wa wazazi waliovuka kutoka Msumbiji kutafuta shamba. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1978 hadi 1984, akajifunza ufundi mitambo Mtwara, akafanya kazi viwandani Dar es Salaam, hadi Machi 2011 alipoajiriwa kuwa msimamizi wa usalama katika kiwanda cha kubangua korosho kule Mtua. Alikuwa msumbufu, tuseme ukweli, hata jiko la mkaa la mkewe alikuwa analikagua, na sisi ndugu tulimcheka sana.

Tarehe 6 Julai 1996 alifunga ndoa kanisani Ruangwa na Catherine, binti wa kutoka Chunyu, wakajaliwa watoto watatu, Dickson, Mwanabibi na Hajra, na baadaye Catherine naye akapata kazi ya kubangua kiwandani humo.

Septemba mwaka huu wa 2025 wenye kiwanda walitangaza kwamba mzigo wa Novemba usipokamilika watafunga na kuuza korosho ghafi nje, wakampunguza kazini msaidizi wa Dastani ili kubana matumizi, na tangu siku hiyo kaka hakukaa kitako. Tarehe 9 Oktoba aliikuta vali ya usalama ya boila, ile inayotoa mvuke ukizidi, imening'iniziwa kipande cha reli ya zamani ili isifunguke, maana ilikuwa imechakaa, inapoteza mvuke, na kazi inachelewa. Walioifunga ni wenzake wa zamu, baadhi yenu mko hapa, na hamkuwa watu wabaya, mlikuwa mnaogopa njaa.

Dastani akazima boila, maana mvuke ukikosa pa kutokea hulilipua. Uzalishaji ukasimama, wabanguaji wakarudishwa nyumbani, salamu zikaanza kumpita barabarani, wengine wakasema amekula pesa ya washindani, na hata mkewe alimuuliza mbele yangu, “Baba Dickson, usalama unaliwa?” Alitoka nje akazunguka uani, akarudi, akatoka tena. Kila asubuhi alikwenda kusimama langoni pa kiwanda kuomba vali mpya, na kila asubuhi aliambiwa asubiri.

Shinikizo la damu lilikuwa linamsumbua tangu 2019, na mwezi huu lilizidi. Tarehe 12 Novemba, akiwa Chunyu kwa wakwe zake, alisikia kwamba boila litawashwa tena na vali ni ileile, akainuka arudi Mtua, akaanguka mlangoni. Alikimbizwa hospitali Ruangwa, na Ijumaa tarehe 14, saa nne asubuhi, akafariki dunia, akiwa bado anauliza kama limewashwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani wa Chunyu na Lionja waliobeba msiba huu, kwaya, na wafanyakazi wenzake mliochimba kaburi bila kujali maneno ya mwezi uliopita.

Lipo moja la mwisho. Kesho Jumatatu, saa moja asubuhi, boila linawashwa, na nafasi ya kaka yetu haina mtu. Mnajua kwetu mjane hatoki mkekani kabla ya kuondoa matanga, lakini jana Catherine aliwaomba wazee ruhusa, nao wakakubali. Kesho atakwenda Mtua na nguo zake za msiba, atakaa chini mbele ya mlango wa boila, na amesema atakayetaka kuwasha amruke yeye kwanza. Hajawaomba mumfuate. Ameomba tu niseme mbele yenu kwamba swali alilomuuliza mumewe linamuuma, na kwamba hakuwahi kumwomba radhi.

Kaka Dastani, sisi huku hatuna utulivu, na kesho hatujui itakuwaje. Wewe umeshasimama langoni vya kutosha. Pumzika, sasa ni zamu ya mkeo.