Benchi la Waliotengwa

Ndugu zangu, mnaona nimesimama mbele yenu bila joho. Nimeliacha nyumbani makusudi. Haya ninayokuja kusema ni ya mwenye dhambi, si ya mchungaji, na anayetaka kuyapeleka kwa wakubwa ayapeleke. Nimechoka kuogopa.

Wageni wetu mliotoka Gisozi na Ndera, niwaeleze kwanza desturi ya kanisa letu hapa karibu na Biryogo. Mtu akianguka, awe mlevi au mzinzi, baraza la wazee linakaa na kumsikiliza, halafu jina lake linasomwa mbele ya ushirika. Ametengwa. Hashiriki Meza ya Bwana, na anakaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, mpaka atubu na kurudishwa. Desturi hiyo niliikuta, na mimi ndiye niliyeichafua.

Vita vilipoanza mwaka wa tisini, watu wengi walikamatwa hapa Kigali. Mzee mmoja wa kanisa letu, fundi cherehani, yule aliyekuwa akishika kikombe siku ya Meza, alichukuliwa kazini kwake, suruali ya mteja ikiwa bado kwenye sindano. Wakamwita icyitso, yaani mtu wa adui. Wiki ile ile mkubwa mmoja wa mtaa akaja ofisini kwangu, akakaa bila kukaribishwa.

"Pasta, huyo mtu iko bado kwenye kitabu chako cha ushirika?"

"Iko," nikasema.

"Basi hili kanisa lako ni la namna gani?"

Akaondoka. Hakuniamuru chochote, nawaambia kweli. Nilijituma mwenyewe. Jumapili iliyofuata nilisoma jina la fundi kati ya waliotengwa, katikati ya mlevi mmoja na mzinzi mmoja, na baraza sikuliuliza. Mke wa fundi alikuwa amekaa safu ya tatu. Hakulia. Alisimama, akaenda kukaa benchi la nyuma, ingawa yeye sikumtaja. Nami nikabariki mkutano kwa sauti nzuri, nikaenda nyumbani, nikala nikashiba. Huko kushiba ndiko kunakoniuma mpaka leo.

Miezi ikapita, fundi akaachiliwa. Nilidhani atakuja kunitukana, na majibu nilikuwa nayo tayari. Hakuja. Alikuja Jumapili ya Meza, amekonda, shati linampwaya. Akaniinamishia kichwa, akakaa benchi la nyuma kando ya mkewe. Jamani, mtu ametoka gerezani kwa uongo wa watu, anakuja kanisani kutii uongo wangu!

Nikaumega mkate. Ikafika pale ninapowaita watu waje mezani, sauti haikutoka. Nilijaribu mara mbili. Mwimbishaji, Mungu ambariki, akaanzisha wimbo kunisaidia. Nikavua joho, nikaliweka kwenye kiti, nikatembea mpaka nyuma, nikamwambia fundi, "Mzee, inuka. Mahali hapa ni pangu."

"Siinuki, Pasta," akasema. "Ila nafasi iko. Kaa."

Nikakaa. Siku ile hakuna aliyeshiriki Meza.

Wiki ile baraza lilikutana, likamrudisha fundi, likaandika jina langu. Nusu mwaka nilikaa pale, mchungaji mzima, nikisikiliza wengine wakihubiri. Siku ya kurudishwa, wazee walimchagua fundi aniulize maswali mbele ya ushirika. Akauliza yote ya desturi, kisha akaongeza lake: "Na wakija tena?"

Nikajibu, "Watanikuta."

Wamekuja tena, mwezi uliopita. Safari hii walitaka kitabu chote cha ushirika, na kando ya kila jina niandike kabila. Niliogopa, sitaki kuwadanganya. Nikafungua kitabu nikawaonyesha: hapa jina, hapa ubatizo, hapa ndoa, hapa maziko. Nafasi nyingine hakuna.

"Chora mstari mwingine," akasema yule mkubwa.

Nikamwambia sichori. Akasema nitajuta. Nikamwambia nimeshajuta nusu mwaka mzima, na majuto yale siyarudii.

Nawashukuru wazee walionitenga bila kunionea haya. Nawashukuru akina mama walioleta viazi na maharage kwangu, wakakaa na mke wangu alipoona aibu kutoka nje. Na mke wa fundi, ambaye kila Jumapili alinisogezea kitabu chake cha nyimbo tuimbe pamoja, sijui nimshukuru vipi.

Funzo langu ni hili tu: msimfanyie mwenye nguvu kazi ambayo hata hajaitamka. Mwacheni aitamke kwa mdomo wake, halafu mkatalieni.

Kitabu kiko mezani kwangu, sijakificha. Siku nisipohubiri, mimi na fundi tunakaa kule nyuma, kwa hiari yetu. Kwa hiyo akija mtu hapa kuuliza nani ni wa kabila gani, mleteni kwenye benchi letu. Mwambieni nafasi iko. Akae.