Hodi ya Bi Riyama Kwenye Kinu cha Ngamia

Baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, Bi Riyama Ubwa anastaafu tarehe 30 Juni. Mimi, Maisara, nimeombwa niandike wasifu huu kwa kuwa ndimi niliyefanya naye kazi muda mrefu zaidi. Walioniomba hawakuuliza kama namwonea wivu. Namwonea, tena sana.

Alianza kwa kupokea wageni kwenye makumbusho yetu madogo Mji Mkongwe. Kinu kikongwe cha kukamulia mafuta ya nazi kilipokarabatiwa kule shamba, njia ya Uroa, tulipelekwa sote wawili kutembeza watu. Mimi nikajifunza historia ya kinu, yeye akazoeana na ngamia.

Ngamia wetu, Maringo, huzungusha kinu akiwa amefungwa kitambaa machoni asipate kizunguzungu. Kwa kuwa haoni, hushtuka akikaribiwa kimya kimya. Bi Riyama ndiye aliyeanzisha desturi ya kila mgeni kupiga hodi kwanza. Wanafunzi wa Mkokotoni, watalii, hata wakubwa wenye suti zao, wote wamesimama mlangoni wakimpigia hodi ngamia, na Bi Riyama akiwaitikia "Karibuni" kwa niaba yake. Watu hucheka, Maringo hutulia, mafuta hutoka. Wageni wakaongezeka maradufu na kinu kikapata tuzo. Kwenye picha ya tuzo wapo yeye na ngamia. Mkono unaoonekana pembeni ni wangu.

Wageni wakishuka garini huniuliza mimi, "Bi Riyama yuko wapi?" Nimelijibu swali hilo kwa tabasamu mpaka mashavu yakaniuma.

Kuanzia Julai kinu kiko mikononi mwangu. Wiki iliyopita niliongoza peke yangu, naye akakaa nyuma pamoja na wageni. Nilipiga hodi, Maringo akaanza kuzunguka vizuri, moyo wangu ukajaa furaha. Mara Bi Riyama akakohoa. Ngamia akasimama hapo hapo, akageuza shingo upande wake, akakataa katakata kusogea. Ikabidi Bi Riyama anyanyuke, amshike shingo na kumwambia, "Nenda baba, mfuate Bi Maisara." Akaenda. Nilishukuru, na nikaumia.

Bi Riyama, ahsante kwa kazi yako, kwa vichekesho vyako na kwa uvumilivu wako kwangu. Mwenyezi Mungu akupe afya na raha nyumbani kwako Kiembe Samaki, pamoja na wajukuu. Njoo kinuni siku yoyote uipendayo. Ila ukifika, tafadhali, usipige hodi. Pita nyuma unipungie mkono, Maringo apate kuizoea sauti yangu.