Mteja wa Mwisho wa Mama Teodora

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kulea samaki ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa wake, Mama Teodora Mashimba anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Juni. Hafla ya kumuaga itafanyika uwanjani kwetu, upande wa ziwani, kuanzia saa nane mchana. Wafanyakazi wote tunaombwa kufika mapema, na wale wenye desturi ya kutokea chakula kikiwa kinapakuliwa wajue kwamba ndio wanaosemwa.

Kamati imenikabidhi mimi, Nestory wa chumba cha kufungashia, kazi ya kuandika wasifu huu. Nilidhani ni kazi nyepesi. Nimeuandika, nimeuchana, nimeuandika tena, na hivi sasa mchapaji wa mtaa wa Mirongo ananisubiri huku viganja vinanitoka jasho. Sababu ya wasiwasi wangu mtaiona mbele. Ninachoomba ni kwamba Mama akifika kwenye sehemu hiyo awe ameketi.

Mama Teodora alizaliwa Magu, katika familia ya wakulima wa pamba. Alikuja mjini Mwanza akiwa binti, akaajiriwa kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, na huko alitoa mifupa kwa miaka kadhaa bila kulalamika. Anapenda kusimulia kwamba alipohamia kwetu kitu kimoja kilimbabaisha siku nzima: kule kiwandani samaki walikuwa hawamtazami, hapa walimfuata kwa macho kila alikopita.

Kampuni wakati huo ilikuwa nyumba moja, matangi machache ya kioo na pampu ya kuvuta maji ya ziwa. Biashara ni ileile ya leo. Tunakamata samaki wa mapambo, hasa furu wa kwenye mawe, na kuwasafirisha wakiwa hai hadi nchi za mbali, ambako watu huwafuga sebuleni. Majirani zetu hapa pwani ya ziwa bado wanatuona tuna kichaa kidogo. Furu, ambaye huku ni chambo cha kumvulia sangara, huko anawashiwa taa na kukaribishiwa wageni.

Haikuchukua muda Mama akawa mkuu wa ukumbi wa matangi. Nahodha wetu Masele akileta samaki, kwanza huwekwa peke yao katika maji ya ziwa, na ndani ya siku chache Mama huamua nani aende na nani arudi kwenye mawe yake. Uamuzi huo hauna marudio. Samaki akishachanganywa na wenzake wa ukumbini harudishwi tena ziwani, maana anaweza kubeba maradhi akawapelekea nduguze. Kwa hiyo neno la Mama lilikuwa la mwisho, na hata meneja hakuwa na ubavu wa kulipindua.

Sheria yake iliyojulikana zaidi ilihusu majike. Jike la furu hutunza mayai na watoto mdomoni, na kwa muda wote huo halili. Mama akiona kidevu kimeshuka, jike hilo hupanda boti siku hiyohiyo kurudi lilikotoka, kwa sababu likisafirishwa kwa hofu huwatema wanawe au huwameza. Kijana mmoja mgeni kazini aliwahi kuja mbio kutoa taarifa kwamba majike matatu yameota tezi shingoni na yamegoma kula, na alikuwa ameshayapimia dawa. Mama alimkalisha chini akamweleza habari za uzazi kuanzia mwanzo, taratibu, kama anavyoelezwa bwana harusi. Kijana huyo anaitwa Jonathan, na leo ndiye meneja wetu. Anajua kwamba hatujasahau.

Kuna pia siku ya uwanja wa ndege. Ndege ilichelewa, jua lilikuwa kali, na maboksi yetu yalipangwa nje yakingojea. Mama alivua kitenge chake cha juu, akakilowanisha, akafunika maboksi, kisha akakaa pembeni ameshika tama. Abiria mmoja mwenye huruma alimwendea akampa pole kwa msiba. Mama aliipokea. Alituambia baadaye kwamba hakuona uongo wowote, kwa kuwa kwa hali ile msiba ulikuwa njiani. Ndege ilikuja, samaki walifika salama, lakini tangu siku hiyo hakuna boksi la kampuni hii linalotoka kabla ndege haijathibitishwa kutua Mwanza. Ni yeye aliyelidai hilo, na ni yeye pia aliyeusumbua uongozi hadi tukaanza kuzalisha furu humuhumu ukumbini, ili tupunguze kuwatoa wale wa mawe. Leo karibu nusu ya wanaosafiri hawajawahi kuliona ziwa.

Mwaka fulani mteja wa mbali alituletea picha ya shukrani. Furu wetu mmoja, dume la mgongo mwekundu, alikuwa ndani ya kioo kilichong'aa, chini kuna mchanga mweupe tu. Sisi wengine tulishangilia. Mama aliishika picha ile muda mrefu, kisha akauliza samaki huyo akitaka kujificha anajificha wapi. Wiki iliyofuata akaanza kuweka maelezo ndani ya kila boksi kwamba samaki hawa wanahitaji mawe yenye mapango. Kama wateja wanayasoma, hatujui.

Nafika sasa kwenye lile linalonitoa jasho.

Desturi ya kampuni ni kwamba mstaafu huondoka na tangi la kioo, taa yake, pampu yake na samaki wake. Mzee Salum, dereva wetu, alipewa la kwake akalipeleka Buhongwa. Umeme ulikatika siku mbili mfululizo, na sasa mkewe anahifadhia humo vitambaa vya cherehani. Mama Teodora yeye hajawahi kuwa na samaki nyumbani, hata dagaa wa kukaanga hakai nao sana. Nilitaja jambo hilo kwenye kikao cha kamati. Jonathan, ambaye ndiye mwenyekiti, alicheka akasema tatizo ni kwamba hajawahi kupewa walio bora.

“Mama hatumpi samaki waliozaliwa humu ndani,” alisema. “Mgeni wa heshima anachinjiwa kuku wa kienyeji, si broila.”

Sote tuliona amenena. Masele akatumwa kwenye mawe, akarudi na madume manane ya rangi ambazo hata sisi tuliozoea tulisimama kuzitazama. Tukayaweka peke yao kwenye tangi la karibu na mlango. Ili kuilinda siri nilimwambia Mama kwamba ni ya mteja wa hapahapa Mwanza. Hivyo akaanza kuyalisha, kuyasafishia maji na kuyaongelesha, bila kujua kwamba anatunza zawadi yake mwenyewe.

Siku ya kwanza aliniuliza mteja huyo ni mtu wa namna gani. Nikamwambia ni mtu mzima, mstaarabu. Akauliza kama ana jenereta, maana umeme ukikatika pampu husimama na samaki hukosa hewa. Mimi nimefika kwa Mama mara nyingi, na jenereta sijaiona. Nikasema nadhani hana.

Kesho yake akataka kujua kama nyumba ina nafasi ya tangi kubwa lenye mawe, kwa sababu madume manane kwenye kioo kidogo yatapigana hadi libaki moja. Lile tulilonunua nalijua ukubwa wake. Nikasema nitaulizia. Kuanzia hapo usingizi ulinipaa. Nilimfuata Jonathan nikamsihi tumwambie ukweli, au angalau tubadilishe samaki, akanijibu kwamba mimi hata harusini huwa naogopa mvua. Ni kweli, naogopa, na mara nyingi hunyesha.

Siku ya tatu Mama aliniita kwenye lile tangi la karibu na mlango. Aliuliza mteja akichoka nao, au akitutoka, samaki watakwenda kwa nani, kwa kuwa ziwani hawatapokewa tena. Nikasema labda watoto wake watawaangalia. Akauliza watoto hao wanaishi wapi. Watoto wa Mama Teodora, kama tunavyofahamu, mmoja yuko Dodoma na mwingine Dar es Salaam. Nikajibu kwamba wako mbali. Akatikisa kichwa kwa huzuni, akimhurumia mtu huyo, na mimi nikatamani sakafu ipasuke.

Jumanne ya wiki iliyopita nilimkuta Masele amebeba beseni kuelekea kwenye boti, na Mama nyuma yake. Nilielewa kabla sijaambiwa. Nikamkimbilia, nikasahau hata kumwamkia, nikamwambia mteja atasikitika sana.

“Mwambie yeye si mtu mbaya,” Mama alisema. “Hana majibu tu. Hawa wanajua kwao ni wapi, Nestory. Siwezi kumpa mtu asiyejua atawafanya nini.”

Masele alinitazama, kwa sababu naye alikuwa anajua. Kisha akapandisha beseni botini. Boti ikaondoka na zawadi yote ya kamati, ikarudi na beseni tupu.

Mama Teodora, mteja yule ulikuwa wewe.

Kwa hiyo leo utaona mezani tangi zuri limefunikwa kitambaa, na ndani yake hamna kitu. Wapo waliotaka tulijaze haraka samaki wa kuzaliwa ukumbini ili tusiaibike mbele ya wageni. Nilikataa. Safari hii utaulizwa kwanza, na ukisema hutaki, tutalirudisha dukani na kukutafutia kitu kingine, na hakuna atakayenuna. Utusamehe kwa kukudanganya. Utusamehe zaidi kwa kudhani kwamba miaka yote hii nyumba yako ilikuwa haina samaki kwa kukosa mtu wa kukupa.

Lakini aibu ya meza tupu ni ndogo. Linalonikosesha raha ni jingine. Kama mtu anayewajua furu kuliko sisi sote, anayewapenda hadi akafunika maboksi yao kwa kitenge chake, amepimwa kwa maswali yake mwenyewe na hakustahili kupewa wanane, basi wale tunaowapelekea kila wiki wamepimwa kwa lipi? Tunachokijua juu yao ni anwani. Nimefunga maboksi yao kwa miaka mingi, nikabandika gundi na kwenda kula, kwa kuwa kuamua ilikuwa kazi yako. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kuanzia Jumatatu mzigo huo ni wangu, maana uongozi umeniteua nikae kwenye kiti chako, na tayari nahisi uzito wake mabegani.

Jumatatu hiyohiyo Masele atakwenda kwenye mawe kuleta furu wa mteja mpya wa mbali. Nimemwandikia mteja huyo maswali yako yote. Hajajibu. Najua mishahara yetu inatokana na maboksi hayo, wangu ukiwemo, na nina watoto shuleni. Najua pia kwamba nikinyamaza mara ya kwanza, ya pili itakuwa rahisi. Jibu lisipofika, samaki hao watarudi walikotoka, na kama kuna wa kulaumiwa nitakuwa mimi.

Mama, kampuni inakushukuru kwa kila samaki uliyemfikisha salama, na mimi nakushukuru kwa wale uliowarudisha. Lala sasa bila kuwaza ndege imetua au haijatua. Lima bustani yako, wasalimie wajukuu wa Dodoma na Dar es Salaam, na siku ukipita huku ukasikia nimegombezwa, ingia unipe pole.

Tunakutakia maisha mema, yenye afya na amani. Meneja wetu Jonathan tunamtakia subira, kwa sababu habari za Jumatatu anazisoma hapa kwa mara ya kwanza, sawa na wewe.