Lusajo Kibona, Mpima Matumbawe kutoka Ibaba

Marehemu Lusajo Kibona alizaliwa Ibaba, wilayani Ileje, mkoa wa sasa wa Songwe, tarehe 14 Machi 1981, mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu mzee Gibson Kibona na mama Teresia.

Alisoma Shule ya Msingi Ibaba, 1989 hadi 1995, kisha sekondari Ileje na Mbeya. Bahari aliiona mara ya kwanza mwaka 2003, alipokwenda chuo kikuu Dar es Salaam. Kuogelea alijifunza ukubwani, wenzake wakimcheka.

Mwaka 2007 aliajiriwa kisiwani Mafia. Alizamia na kuyagawa makazi ya matumbawe katika makundi: ya maji mafupi na ya kina kirefu, yanayopigwa na mawimbi ya bahari kuu na yaliyokingwa. Ndugu zake walisikia “matumbawe” wakashika “mawe” tu, wakaanza kumuulizia dhahabu. Mama alimwambia, “Mwanangu, mawe si hata hapo Saza machimboni yapo? Rudi karibu.” Lusajo alicheka, akamweleza kuwa matumbawe yana uhai. “Ni kama mlima wetu, mama. Upande wa upepo hakioti kinachoota bondeni.” Mama akasema, “Kumbe unalima tu.” Jibu hilo alilipenda sana.

Hakuoa. Fides wa Mlowo, aliyemchumbia mwaka 2010, hakuwa tayari kuhamia kisiwani, naye Lusajo hakuweza kuiacha kazi. Alikuwa mpweke, hilo tusilifiche. Kila alipopiga simu aliomba jambo moja: mtu wa kwao aende akaone anachokifanya. Dada yake Elina, anayesoma wasifu huu, alimjibu kila mwaka, “Tukishavuna, mdogo wangu.” Ngoja ngoja huumiza matumbo. Yalipita mavuno kumi na saba.

Juni 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini, akawaficha wa nyumbani. Alifariki tarehe 9 Februari 2025. Elina alifika Mafia siku tatu baadaye, kuchukua mwili. Shani, aliyefanya naye kazi, alimfungulia chumba cha marehemu. Mlikuwa na vitanda viwili, na cha pili kilikuwa kimetandikwa.

“Alisema ni cha mgeni wake wa Songwe,” Shani akamwambia. “Shuka alikuwa anazifua kila mwezi.”

Ameacha mama, dada, wapwa watatu, na ramani ya matumbawe yenye jina lake, ambayo hakuna nduguye ajuaye kuisoma. Bwana amlaze kwa amani, wala asimwache angoje tena.