Miiba ya Njia ya Kondoa

Katika gari moshi la Wadachi, abiria wawili mbele yangu walibishana kwa raha. Swalehe, mchuuzi wa samli, alilalamika kwamba njia ya kwao Kondoa imeota miiba hadi punda wake wanakataa kupita. "Si ninyi Wagogo ndio wafyekaji?"

Yotham, mkulima wa kando ya njia hiyo, akacheka. "Serikali imeacha kutulipa, shehe. Fedha zetu zimeliwa na reli hii unayoipanda."

Nikajisogeza kidogo, kama niliyekalia mali ya watu.

"Samli ikichacha njiani, wanangu watakula nini?"

"Samli iliyochacha! Fyeka mwenyewe, panga nitakuazima."

Gari liliposimama Dodoma walishuka pamoja, wakibishana nani atangulie, maana wa mbele ndiye hupokea miiba.