Bi Vidosava na Kajmak Aliyojinyima

Karibuni, wasikilizaji wapendwa, katika saa yetu ya kuwakumbuka waliotutoka. Naomba mpunguze kidogo kazi za mikono na msogee karibu na redio. Leo tunamkumbuka Bi Vidosava Bojić, wa kijiji kilicho juu ya Kolašin, katika milima yetu ya Montenegro.

Bi Vidosava alifariki wiki iliyopita, nyumbani kwake, kitandani mwake. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minne. Ameacha mwana mmoja, Balša. Mkwe mmoja, Tijana. Na mjukuu mmoja, Relja. Shikeni majina hayo, kwa maana habari yetu ya leo ni yao.

Wengi wenu mlimjua kwa kajmak yake. Kila kiangazi alipanda na ng'ombe hadi malisho ya Sinjajevina. Huko alichemsha maziwa, akayamimina katika sinia za mbao, akangoja malai yagande, kisha akayakusanya tabaka juu ya tabaka na kuyatia chumvi. Sokoni watu walizipita meza nyingine bila kugeuza shingo mpaka wafike kwake. Naye hakujifanya mnyenyekevu. Mteja aliyetaka kuonja kabla ya kununua aliambiwa: "Onja, kisha uniombe radhi."

Lakini leo sitazungumza sana juu ya kajmak aliyoitengeneza. Nitazungumza juu ya ile aliyoacha kula.

Relja alizaliwa miaka saba iliyopita, mwezi Mei, baada tu ya sikukuu ya Mtakatifu Georgi, ng'ombe wakiwa wanatayarishwa kupanda mlimani. Mama yake, Tijana, ni mzaliwa wa Bar, kule pwani kwenye mizeituni. Alikuwa bado mgeni katika nyumba ile.

Desturi yetu mnaijua. Anayekwenda kumtazama mzazi haendi mikono mitupu. Huenda na chungu cha cicvara, ugali wa mahindi uliosongwa ndani ya kajmak mpaka mafuta yaelee juu. Watu husema chakula hicho huongeza maziwa. Mzazi hukila mbele ya mgeni. Asipokila, mgeni hurudi kwake na neno.

Tijana alikula. Alikula cicvara ya kila jirani, na ya mama mkwe asubuhi na jioni.

Mwezi Juni mtoto akaanza kubadilika. Mashavu yalimwiva, ngozi ikakauka na kupasuka. Akinyonya, alikunja miguu tumboni, akaliachia titi, akalia, kisha akalitafuta tena. Halafu Tijana aliona ute katika nepi, na ndani ya ute ule nyuzi za damu.

Jirani yao Stojanka, rafiki wa Bi Vidosava tangu usichana, aliinama juu ya kitanda cha mtoto akatoa hukumu.

"Ni maziwa ya mama yake," alisema. "Mepesi. Maziwa ya mtu wa pwani. Mpeni ya ng'ombe wetu, muyachanganye na maji, mtamwona atakavyonenepa kama ndama."

Tijana alikuwa amesimama pale pale. Juzi, nilipokwenda kuwapa pole, aliniambia hivi: "Nilianza kujiona kama mtu anayemlisha mwanawe sumu kwa mwili wake mwenyewe. Nilimwambia Balša kwamba kesho yake naacha kunyonyesha."

Basi hilo ndilo lililokuwa hatarini, wasikilizaji wapendwa. Je, Relja angeendelea kunyonya, au angeachishwa ziwa kwa sababu ya neno la jirani?

Balša aliwachukua Tijana na mtoto akawapeleka kwa daktari wa watoto, mjini Podgorica. Daktari alimpima mtoto, akaona uzito wake unaongezeka vizuri. Kisha akamwambia Tijana maneno ambayo naomba myasikilize kwa makini.

"Maziwa yako hayana kasoro. Usimwachishe. Huenda mwili wake una mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe, ile inayopita kutoka katika chakula chako hadi kwake. Ondoa maziwa hayo katika chakula chako kwa wiki chache, tuone. Kisha utakula tena, tuone. Tusipoona mara zote mbili, hatutajua."

Narudia. Daktari alisema "huenda". Hakusema "ndiyo". Na hakusema mtoto aachishwe.

Nyumbani, Balša alimpa mama yake habari kwa ufupi, kama wanaume wetu wanavyofanya.

"Maziwa ya ng'ombe, basi," alisema.

"Ng'ombe?" aliuliza Bi Vidosava.

"Ng'ombe."

"Kondoo hakumtaja?"

"Kondoo hakumtaja, mama."

Bi Vidosava aliinuka, akashusha vyombo vyote vya kajmak chini kwenye chumba cha baridi, akafunga mlango. Kwa mwanamke kama yeye, hilo halikuwa jambo dogo. Kisha akaenda kwa kaka yake akarudi na jibini ya kondoo, nyeupe, nzuri, na kila siku akamkatia mkwewe kipande kikubwa. Msimcheke. Kwetu sisi ng'ombe ni ng'ombe na kondoo ni kondoo. Zizi lao si moja, na jibini yao hatujawahi kuiita kwa jina moja. Nani kati yetu angefanya vingine?

Mtoto hakupata nafuu. Damu ilizidi.

"Si niliwaambia?" alisema Stojanka. "Ng'ombe wa watu mmemsingizia bure."

Safari ya pili kwa daktari Bi Vidosava alikwenda mwenyewe. Alikaa na mkoba wake mapajani, kitambaa cheusi kichwani, mgongo umenyooka. Daktari alimuuliza Tijana anakula nini. Tijana akataja viazi, nyama, jibini.

"Jibini gani?"

"Ya kondoo," alidakia Bi Vidosava. "Safi. Ya kaka yangu."

Daktari aliweka kalamu chini. "Mama, protini za maziwa hayo na ya ng'ombe zinafanana mno. Mwili wa mtoto hauwezi kuzitenganisha. Ng'ombe, kondoo, mbuzi, yote yaondoke. Na siagi, na kajmak."

"Basi ni mimi niliyemwumiza," alisema Bi Vidosava.

"Hamkuelezwa vya kutosha," daktari alijibu. "Kosa hilo ni langu. Leo nimewaeleza."

Akamwandikia Tijana vidonge vya kalsiamu na vya vitamini D, akamwambia ale nyama, mayai, samaki na mboga, asijinyime chochote kingine.

Njiani kurudi, walipokaribia nyumbani, Bi Vidosava alimgeukia mkwewe.

"Kwenu Bar ugali mnausonga kwa kitu gani?"

"Kwa mafuta ya zeituni, mama."

"Mungu atusamehe," alisema Bi Vidosava. "Mwambie mama yako alete."

Siku iliyofuata alitangaza mfungo. Kila mwanamke wa kwetu anajua kupika bila tone la maziwa, kwa maana kila Kwaresima anapika hivyo. Ana chungu chake cha mfungo, ana maharage yake, pilipili zake, kabichi yake ya chumvi. Bi Vidosava aliliona hilo wakati sisi wengine tulikuwa bado tunamhurumia Tijana kana kwamba amehukumiwa kufa njaa. Alivisugua vyombo vyote akaanza upya.

Alasiri Stojanka akaingia na chungu cha cicvara. Akatazama meza.

"Mnafunga nini nyinyi? Mfungo wa Petro umekwisha. Wa Bikira haujaanza. Na anayenyonyesha hafungi, hata kasisi atakwambia."

"Yeye hafungi. Nafunga mimi. Nyumba hii ina chungu kimoja."

"Na hiyo nyama ya moshi mezani?"

"Huu ni mfungo wa maziwa."

"Umeusikia kanisa gani?"

"Nimeuanzisha mimi. Kaa unywe kahawa, shoga. Nyeusi."

Stojanka hakukaa. Alisogeza chungu mbele ya Tijana. "Kijiko kimoja tu, binti. Usinifedheheshe."

Tijana anasema mkono wake ulikuwa tayari umeshika kijiko. Bi Vidosava alikifunika chungu, akakiinua, akakirudisha mikononi mwa mwenyewe.

"Heri uliyokuja nayo nimeipokea," alisema. "Chakula wapelekee wanao."

Chungu cha mzazi kurudi kikiwa kimejaa. Sina haja ya kuwaeleza uzito wa jambo hilo kijijini kwetu. Stojanka hakukanyaga tena pale kiangazi chote.

Wiki zikapita. Mashavu ya Relja yakatulia. Nepi zikawa safi. Akawa ananyonya mpaka analala na titi mdomoni. Hapo ikabaki ile sehemu ya pili, ambayo wengi huiruka: Tijana ale tena, waone.

Bi Vidosava alishuka mwenyewe kwenye chumba cha baridi, akapanda na sahani ya kajmak, akaiweka mbele ya mkwewe. "Nilimtazama mama," anasema Balša. "Alikuwa anaomba mtoto asiumwe, na anaomba kajmak yake isikutwe na hatia. Safari hiyo maombi hayo mawili yalikuwa ombi moja tu."

Halikujibiwa. Haikuchukua muda, damu ikarudi. Sasa "huenda" ikawa "ndiyo". Ulikuwa mzio wa maziwa. Maziwa ya mama hayakuwa na hatia tangu mwanzo. Bi Vidosava alikirudisha chombo chini, akasonga ugali kwa mafuta ya zeituni, akala pamoja na mkwewe. Alisema una ladha ya sabuni. Akaumaliza.

Hakuacha kupanda malishoni, wala hakuacha kutengeneza kajmak, kwa kuwa sokoni walikuwa wanaingoja. Ila hakuionja. Siku za kuchimba viazi alimtumia Stojanka ujumbe: njoo unionjee chumvi, mimi nimefunga. Stojanka akaja, akaonja.

"Chumvi haitoshi."

"Uongo."

"Basi onja mwenyewe, mjuaji."

Hakuonja. Aliongeza chumvi kwa kuliamini neno la mwenzake, na urafiki ukaendelea kutoka hapo.

Relja alinyonya mpaka akaacha mwenyewe, akiwa tayari anatembea na kuwavuta mbwa mikia. Baadaye, kwa maelekezo ya daktari, alijaribiwa kwa biskuti iliyookwa na maziwa kidogo, kisha kwa chakula kingine, hatua kwa hatua. Watoto wengi huupita mzio huu wanapokua. Si wote, na si jambo la kujijaribia nyumbani bila ushauri. Relja aliupita. Siku alipoacha kunyonya, Bi Vidosava alikuwa amekwisha kuuzoea ugali wa zeituni, ingawa alikana mpaka mwisho.

Juzi nilimuuliza Tijana anamkumbuka mama mkwe wake kwa lipi. "Mwaka ule kila aliyeingia aliniuliza kama maziwa yangu yanatosha," alisema. "Yeye peke yake aliniuliza kama nimeshiba."

Kwa Balša, kwa Tijana, kwa kijana wetu Relja, na kwako pia Bi Stojanka, ambaye najua unatusikiliza: poleni sana kwa msiba. Udongo uwe mwepesi juu yake.

Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tutafakari. Katika nyumba nyingi leo yuko mama anayenyonyesha huku amekatazwa vyakula alivyokulia. Kabla hatujayahukumu maziwa yake, tumuulize daktari wake amemwambia nini. Kisha tutazame mezani kama kuna mtu anayekula naye.